Je, molekuli inaweza "kutambua"?

SWALI: Mimi ni mwalimu wa Kemia katika shule ya upili huku Ahero, Kaunti ya Kisumu. Nilipokuwa nikiandaa mhadhara mfupi kwa ajili ya chama chetu cha Kiswahili, niliandika hivi: "Wanasayansi wanaunda molekuli bandia ambazo zinatambua mfululizo spesheli wa DNA." Mwenzangu anayefundisha Kiswahili aliipinga sentensi hiyo, akisema kwamba kutambua ni kazi ya mwenye akili, na kwamba molekuli "hushikamana" tu na kitu. Ni nani kati yetu aliyekosea?

JIBU: Mwalimu, kuhusu kitenzi hukukosea. Makosa yako yamo katika maneno matatu mengine, ambayo mwenzako hakuyagusa.

Nianze na kutambua, kwa kuwa ndilo lililowatenganisha. Kitenzi hiki hakilingani kabisa na kujua, wala na kuelewa, kwa sababu anayetambua hukijua kitu kwa alama yake: ndiyo maana kadi tunayotembea nayo mfukoni huitwa kitambulisho, na ndiyo maana mchungaji husemwa kuwa amemtambua ng'ombe wake katikati ya kundi la jirani kwa baka la ubavuni au kwa pembe iliyopinda. Kiini cha neno ni alama na kinachoipokea alama hiyo. Siku hizi husemwa kwamba mashine imetambua, au imekataa kutambua, alama za vidole vya mtu, na sijamsikia mzungumzaji yeyote akiuliza kama mashine hiyo ina akili.

Sasa tazama kazi yenyewe ya molekuli hizo. DNA, molekuli inayobeba maelekezo ya urithi, ni nyuzi mbili zilizosokotana, umbo ambalo James Watson na Francis Crick walilieleza mwaka 1953, na kati ya nyuzi hizo besi, yaani vipande vidogo vinavyotajwa kwa herufi A, T, G na C, huketi jozi jozi, A ikikabiliana na T, na G ikikabiliana na C. Kando ya msokoto hupita mitaro miwili, mmoja mpana na mwingine mwembamba, na kingo za jozi hizo hujitokeza humo, kila moja na alama zake. Kwa mfano, G ina kikundi cha atomu kinachochomoza katika mtaro mwembamba, ambacho A haina. Peter Dervan na wenzake katika chuo cha Caltech, Marekani, walibuni molekuli zenye pete ndogo za atomu ziitwazo piroli na imidazoli, ambazo hulala bega kwa bega ndani ya mtaro huo mwembamba bila kuzifungua nyuzi. Imidazoli ikikaa upande mmoja na piroli upande wa pili, jozi hiyo huchagua mahali penye G na C. Zikibadilishana nafasi, huchagua C na G, yaani jozi ile ile ikiwa imegeuzwa. Kuzitenganisha T na A kulikuwa kugumu zaidi, kwa kuwa katika mtaro huo hazitofautiani sana, na ni mwaka 1998 ambapo walionyesha kwamba pete ya tatu, hidroksipiroli, inaweza kufanya hivyo. Ikiwa huku si kukijua kitu kwa alama yake, sijui tuite nini.

Hoja ya mwenzako kuhusu kushikamana si ya kutupwa, lakini neno hilo halitoshi. Gundi pia hushikamana, tena na chochote. Chukua diminazeni, dawa ambayo ng'ombe wenye nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, hudungwa: nayo huingia katika mtaro mwembamba wa DNA, hasa pale penye A na T kwa wingi, lakini haijali sana herufi hizo zimepangwa vipi. Mimi ningesema kwamba dawa hiyo hupendelea sehemu za aina fulani, kama mtu anayejua kwamba ng'ombe aliyemwona ni wa kijiji kile bila kujua ni wa nani, kisha ningeliweka kando neno kutambua kwa ajili ya molekuli inayolijua zizi lenyewe.

Tukija kwenye makosa yako, la kwanza ni bandia. Ni kweli tunasema meno bandia bila kumdhania mtu mabaya, lakini noti bandia na mbolea bandia ni ulaghai, na mkulima wa mahindi aliyewahi kuuziwa mbolea ya namna hiyo atadhani molekuli zako ni za kumtapeli. Tumia sanisi, yaani iliyotengenezwa kwa kuunganisha, neno lililomo pia katika usanisinuru.

La pili ni mfululizo, ambalo husisitiza kutokatika: mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, na hakuna siku iliyo tofauti na nyingine. Katika DNA linalohesabika ni nani anamfuata nani, na hilo ndilo mfuatano hubeba, kwani limetoka katika kufuata, kisha kufuatana. Kondakta wa matatu inayotoka Kisumu akitaja Ahero, Awasi, Kericho, huo ni mfuatano. Akigeuza kwenye safari ya kurudi, majina ni yale yale ila mfuatano ni mwingine. Mpangilio lingeweza kupita, lakini huweza pia kumaanisha jinsi viti vilivyopangwa ukumbini.

Spesheli ni la mitaani, na ukilisafisha kwa kuandika maalumu utakuwa umesema mfuatano wenye heshima ya pekee. Unalotafuta ni mahususi, yaani huu na si mwingine. Umahususi huo una kipimo chake: herufi nne zikipangwa katika nafasi 16 hutoa mifuatano tofauti ipatayo bilioni 4.3, ilhali jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, ina jozi za besi zipatazo bilioni 3, kwa hiyo mfuatano wa urefu huo unaweza kutokea mahali pamoja tu.

Kuhusu kuunda sina ugomvi mkubwa, ila jahazi huundwa baada ya mtu kulibuni kichwani, nawe ulikuwa ukizungumzia hatua ya kichwani. Ningeiandika hivi: "Wanasayansi wanabuni molekuli sanisi zinazotambua mfuatano mahususi wa DNA." Nimeacha ambazo kwa sababu ya wepesi tu, ukiipenda, irudishe.