San Francisco 1951, hawakufungwa na hawakualikwa

Swali lenu la wiki hii ni msimu gani wa timu gani ya zamani ambao mtu angetamani angekuwepo uwanjani. Najua watu watamwaga Simba na Yanga na ile Arsenal isiyofungwa, mi nachagua timu ambayo wengi hamjawahi hata kuisikia, timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, mwaka 1951.

Ni ile futiboli ya helmeti, mpira wenye umbo la yai, watu wanaubeba na kugongana. Naishi Oakland mwaka wa tisa sasa, na mzee ninayemhudumia ndo alinianzishia habari za hawa jamaa, toka siku hiyo sijaacha kuwafuatilia.

Waliitwa Dons. Chuo kidogo cha Majesuti, shirika la mapadre wa Kikatoliki, kocha Joe Kuharich, wakacheza mechi 9 wakashinda zote 9. Na sio ushindi wa kubahatisha, San Jose State walikutana nao mara mbili msimu uleule wakapigwa 39-2 halafu 42-7. Mkimbiaji wao alikuwa Ollie Matson, kijana mweusi, alikimbia na mpira yadi 1,566 msimu ule na hakuna mchezaji wa chuo chochote Marekani nzima aliyemfikia. Kule New York dhidi ya Fordham, mechi iliyokuwa ngumu kuliko zote, 32-26, Matson alidaka mpira wa kuanzia huku karibu na mwisho kwao akaukimbiza karibu uwanja mzima mpaka upande wa pili, halafu kwenye mechi hiyohiyo akarudia tena. Mara mbili jamani! Mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Helsinki akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti.

Mwingine mweusi alikuwa Burl Toler, mkabaji wa nyuma, jembe haswa. Weusi walikuwa hao wawili tu kwenye kikosi cha watu thelathini na kitu.

Sasa zamani zile timu za vyuo zikimaliza msimu hazikuwa na mtoano wa kumpata bingwa, kulikuwa na mechi kubwa za kufungua mwaka zinaitwa bowl, na huko huendi kwa pointi, unaalikwa na kamati. Nyingi zilichezwa Kusini, Miami, New Orleans, Texas, kwenye ubaguzi wa wazi wa sheria kabisa. Ujumbe ukawafikia Dons, na wachezaji wenyewe wameusimulia miaka yote, kwamba mwaliko unawezekana ila Matson na Toler wabaki nyumbani.

Wakakataa. Timu nzima.

Hapa ndo naomba msinipite haraka. Watu wakisimulia hii stori wanamtaja Gino Marchetti, na kweli anastahili, alikuwa mzungu aliyepigana Vita vya Pili kule Ulaya akiwa kijana mdogo kabla hajaja chuo, na baadaye akawa nyota mkubwa wa ligi ya kulipwa. Lakini mi nawawaza wale wa benchi. Nimecheza ndondo Tanga miaka mingi, nimekaa benchi sana, najua mtu wa benchi anavyoisubiri mechi kubwa, kwamba labda kocha atamwingiza dakika tano na mama yake amuone. Wale hawakuwa na ligi ya kulipwa inayowasubiri, ile bowl ndo ingekuwa siku yao kubwa ya maisha, na wao pia wakasema bila Ollie na Burl hatuendi. Kila nikiifikiria nasisimka mwili.

Na ukisikia mtu anasema eti hawakualikwa kwa sababu ratiba yao ilikuwa nyepesi muulize kuhusu chuo cha Pacific. Dons waliwatandika Pacific 47-14, na Pacific haohao ndo wakaalikwa Sun Bowl kule El Paso! Aliyepigwa 47 anaenda, aliyempiga anabaki nyumbani. Mi hapo sihitaji maelezo mengine.

Iliwagharimu. Timu ilikuwa inakula hela kuliko inavyoingiza, pesa ya bowl ingesaidia, haikuja, na msimu ulipoisha chuo kikaifuta timu. Yaani kikosi hakijafungwa hata mechi moja halafu mwaka unaofuata hakipo. Bob St. Clair, lile jitu la zaidi ya mita mbili, ilibidi ahamie Tulsa kumalizia mpira wake wa chuo. Yeye, Matson na Marchetti wote watatu waliingia kwenye jumba la heshima la ligi ya kulipwa, watatu kutoka kikosi kimoja cha chuo. Kijana aliyekuwa anashughulikia habari na matangazo ya timu, Pete Rozelle, akaja kuwa kamishna, yaani mkuu, wa NFL yenyewe, hiyo ligi ya kulipwa, kuanzia 1960.

Toler ndo ananiuma, aliumia goti vibaya 1952 kabla hata hajaanza kulipwa, mpira ukaishia hapo. Akawa mwalimu, akafika mpaka mwalimu mkuu San Francisco, na 1965 NFL ikamchukua kuwa mwamuzi, mweusi wa kwanza kwenye ligi ile.

Sasa mechi ya mwisho ya Dons 1951 ilikuwa dhidi ya Loyola, 20-2, ilichezwa kwenye uwanja wa Rose Bowl kule Pasadena. Januari 1980 Super Bowl, fainali ya NFL, ikapigwa hapohapo Rose Bowl, kamishna ni Rozelle, na kati ya waamuzi walioingia uwanjani siku hiyo alikuwepo Burl Toler, mweusi wa kwanza kuchezesha Super Bowl. Safari hii alialikwa.