Ametulia, lakini suruali haimfungi tena

Wiki za mwanzo ndugu hufurahi. Mtu aliyekuwa halali, anabishana na sauti zisizosikika na kugoma kula, sasa analala, akiitwa anaitika, na sahani anairudisha tupu. Dawa ya ugonjwa wa akili imemkubali, wanasema. Miezi mitatu baadaye suruali haimfungi, akipanda kilima kidogo anahema, na lawama zinaanza: amekuwa mvivu, amekuwa mlafi. Naye anapiga hesabu yake kimya kimya, anaanza kuficha vidonge chini ya godoro.

Huo si ulafi. Kati ya dawa za magonjwa ya akili, olanzapini na klozapini ndizo zinazoongoza kwa kunenepesha. Zinafuatiwa na kwetiapini, risperidoni, klopromazini, na pia valproeti, ile inayotumika kwa kifafa na kwa baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Haloperidoli na aripiprazoli hunenepesha kwa kiasi kidogo. Ubongoni kuna vipokezi, yaani sehemu zinazopokea ujumbe, vya kemikali za histamini na serotonini ambavyo, pamoja na kazi nyingine, husaidia mtu kuhisi ameshiba. Dawa hizi huvifunga. Anamaliza ugali, tumbo limejaa, lakini taarifa ya shibe haijafika. Nusu saa baadaye yuko jikoni anafunua masufuria. Baadhi ya dawa huvuruga pia kazi ya insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, kwa hiyo sukari inaweza kupanda hata kwa mtu ambaye mwili haujaongezeka sana. Ndiyo maana hotuba kuhusu kujizuia haimsaidii. Kinachobadilishwa kwanza ni nyumba: kinachonunuliwa, kinachopikwa, kinachobaki mezani usiku.

Dawa isiachwe kiholela kwa sababu ya kilo. Ugonjwa ukirudi, hiyo lishe na hayo mazoezi yote yanakwenda na maji. Nenda kliniki na namba mkononi. Mpimeni uzito kabla ya dawa mpya au katika wiki ya kwanza, kisha kila wiki kwa wiki sita, tena ikifika wiki ya 12, halafu kila mwezi anapofuata dawa. Mizani ya barabarani inatosha, mradi iwe ile ile na saa zile zile. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, akiwa ametoa pumzi: sentimita 80 kwa mwanamke na 94 kwa mwanamume ndipo hatari inapoanzia. Akiongezeka asilimia tano ndani ya mwezi wa kwanza, yaani mtu wa kilo 60 kufika 63, msisubiri tarehe ya kadi. Daktari anaweza kubadilisha dawa, au kuongeza metformini, dawa ya kisukari ambayo hutumika kupunguza uzito huu hata kwa asiye na kisukari. Ombeni presha, sukari na mafuta ya damu vipimwe mwanzoni, miezi mitatu baadaye, kisha kila mwaka. Bila kuomba, mara nyingi mgonjwa wa akili anaulizwa usingizi na sauti tu, anajaziwa dawa, anaondoka.

Nyumbani, anzeni na soda. Chupa ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vidogo saba au nane. Watu wanaotumia dawa hizi hunywa soda nyingi kwa sababu inayoeleweka kabisa: klopromazini na Artane (kidonge cha kulegeza mkakamao unaoletwa na dawa) hukausha kinywa, na lithiamu, dawa ya baipola, huleta kiu. Mtu ana kiu kweli, na duka liko mlangoni. Mwekee chupa yake ya maji mahali anapokaa, yenye kipande cha limau, anywe kidogo kidogo. Kinywa kikiendelea kukauka, atafune bigijii isiyo na sukari. Chai msiikatie sukari siku moja. Kama anaweka vijiko vitatu, wekeni viwili na nusu wiki hii, viwili wiki ijayo. Ladha huzoea. Soda ikibaki ya Jumapili tu, hiyo peke yake ni kazi kubwa imefanyika. Ila angalieni kinyume chake pia: wapo wagonjwa wanaokunywa maji kupita kiasi, lita baada ya lita, mpaka chumvi ya damu inashuka. Akianza kutapika, kuumwa kichwa na kuchanganyikiwa baada ya kunywa maji mengi, ni hospitali.

Chakula chenyewe kisiwe cha peke yake. Kumpikia mgonjwa "chakula cha dayati" huku wengine wanakula pilau ni kumtenga mara ya pili. Punguzeni mafuta ya sufuria nzima: pimeni kwa kijiko, msimimine kutoka kwenye dumu, maana kijiko kimoja cha chakula kina kalori kama 120 na mkono ukimimina huweka vinne bila kujua. Nusu ya sahani iwe mchicha, matembele, sukuma wiki au kabichi. Robo ugali, wa dona ukipatikana. Robo maharage, dagaa, samaki au yai. Apakuliwe mboga kwanza na maharage, ugali uje mwisho. Akitaka kuongeza, aongeze mboga. Dawa hizi huwafanya wengine kula mbio, kwa hiyo kula pamoja kwa maongezi kunasaidia kuliko kumhimiza atafune polepole.

Usiku ndio mtihani. Olanzapini ikimezwa saa mbili, njaa inaweza kumwamsha saa sita, na kilichopo mezani ndicho atakachokula. Maandazi ya asubuhi yasilale jikoni. Acheni tango, karoti, papai lililokatwa au hindi la kuchemsha. Kufunga jikoni kwa kufuli tumeona kunaleta ugomvi tu, kisha anakwenda dukani kukopa biskuti.

Na kuna nyumba ambazo tatizo lake ni sahani kuwa tupu. Kuna wanaoacha vidonge kwa sababu vinawapa njaa ambayo hawana cha kuituliza, na huo si ukaidi. Uji mzito wa dona asubuhi, maharage yaliyopikwa mengi kwa siku mbili, na mboga za uani hushibisha kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe na chai. Mwambieni mhudumu wa kliniki ukweli huo. Hali ya chakula nyumbani inaweza kubadilisha uchaguzi wa dawa.

Kama bado anahofia kuwekewa sumu, msibishane naye, wala msimfichie dawa kwenye chakula. Akigundua mara moja, mmempoteza kwenye dawa na kwenye chakula. Pakueni wote kutoka sufuria moja, yeye achague sahani yake kwanza. Ndizi, machungwa na mayai ya kuchemsha ambayo hayajamenywa humtuliza, kwa sababu anafungua mwenyewe.

Kuhusu mazoezi, sahauni jimu. Kukosa msukumo ni sehemu ya skizofrenia yenyewe, ule ugonjwa wa kusikia sauti na kushikilia hofu zisizo za kweli, mbali na usingizi unaoletwa na dawa, kwa hiyo "nenda ukakimbie" ni maneno yanayoishia hewani. Mtu mmoja wa nyumbani atoke naye, saa ile ile, dakika kumi, akiwa na pa kwenda: sokoni, kisimani, msikitini, kanisani, kwa shangazi. Wiki ya pili kumi na tano. Mkifika nusu saa siku tano kwa wiki mmetimiza dakika 150 zinazopendekezwa kwa watu wazima. Mwendo uwe ule ambao anaweza kuongea lakini hawezi kuimba. Kama asubuhi hajiwezi kwa usingizi, muulizeni daktari kama dozi inaweza kuhamia usiku, na matembezi yawe jioni. Jua la mchana liepukwe: dawa hizi huzuia mwili kujipoza vizuri, na klopromazini hufanya ngozi iungue haraka, basi kofia na mikono mirefu. Akiamka kitandani akae kwanza, ndipo asimame, presha isimwangushe.

Kutembea huku na huko chumbani, kushindwa kukaa hata dakika tano, msikuhesabu kama mazoezi. Inaweza kuwa athari ya dawa inayomtesa ndani kwa ndani, na inatibika. Vivyo hivyo miguu ikikakamaa na mikono ikiacha kuchezacheza anapotembea: semeni kliniki kabla ya kumlaumu kwa kujivuta.

Msitegemee miujiza ya mizani. Huko Maryland, Marekani, utafiti uliotolewa mwaka 2013 ulifuatilia watu wenye maradhi makali ya akili kwa miezi 18, wakifundishwa mambo machache yaliyorudiwarudiwa, kama kuacha vinywaji vya sukari, kula matunda na mboga, na kufanya mazoezi ya pamoja. Walipungua kwa wastani wa kilo 3.2 kuliko wenzao ambao hawakupata mafunzo hayo. Kilo tatu kwa mwaka na nusu, na bado ni faida kwa moyo na sukari. Matembezi humfaa usingizi na pumzi hata mizani isiposhuka.

Dawa mbili zina masharti yake. Anayetumia lithiamu asikate chumvi ghafla, asitoke jasho jingi bila kunywa maji, asinunue diklofenaki au ibuprofeni kiholela. Na kabla ya kufunga Ramadhani amwone daktari. Mikono ikitetemeka sana, akiharisha, akitapika au akiyumba, dawa imezidi mwilini, akimbizwe hospitali. Anayetumia klozapini aulizwe choo kila siku bila kuona haya, kwa kuwa kufunga choo kwa dawa hii kunaweza kuua: mboga, maji, matembezi, na siku mbili bila choo ni simu kwa kliniki. Huyo, na wa olanzapini pia, akitaka kuacha sigara aseme mapema, kwani moshi hufanya dawa ipungue mwilini, na sigara ikikatika dozi ile ile inakuwa nzito ndani ya siku chache.