Kasuku wa marehemu baba anaumwa, nami najilaumu

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamke wa miaka 41, mkazi wa Tanga, nina mume na watoto wawili. Nyumbani tuna kasuku wa kijivu aitwaye Shani, ambaye marehemu baba yangu, aliyekuwa dereva wa malori, alirudi naye kutoka safari ya Kongo mwaka 1999. Jumanne ya wiki iliyopita Shani alianguka ghafla kutoka kwenye kijiti chake, akatetemeka mwili mzima huku vidole vimekunjamana, kisha akajikunyata chini ya tundu. Bwana mifugo alinipa dawa ya kuku, haikusaidia. Siku ya tatu nikampata daktari wa wanyama, akampima damu na kusema amepungukiwa kalsiamu kwa sababu ya chakula, akamchoma sindano. Sasa anakula kidogo, lakini juzi alitetemeka tena. Miaka yote nimempa karanga na mbegu za alizeti, kwa hiyo ni mimi niliyemuua. Silali, biashara yangu nimeifunga, mume wangu analalamikia fedha, na mawifi zangu wananicheka kwamba ninamlilia ndege. Jirani ananiambia ninunue mwingine. Nifanye nini?

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa kuuguza. Umeniandikia kwamba umemuua Shani, na katika barua hiyo hiyo umeniambia kwamba anakula. Tuanzie hapo. Ndege wako yu hai, amepata daktari aliyeutambua ugonjwa wake, na matanga uliyoyaanza moyoni mwako hayajafika wakati wake.

Sitakuambia kwamba hukukosea, kwa maana daktari amekwisha kukueleza kuwa chakula kilikuwa na kasoro, nawe ungejua kuwa ninakubembeleza tu. Lakini ni vyema ulijue kosa lenyewe kwa kipimo chake. Kasuku wa kijivu wanajulikana sana miongoni mwa madaktari wa ndege kwa tatizo hili la kalsiamu kushuka katika damu hadi mwili ukapatwa na degedege, na mara nyingi anayepatwa nalo ni ndege aliyelishwa mbegu kwa miaka mingi, kwa sababu alizeti na karanga zina mafuta tele na kalsiamu kidogo mno. Zaidi ya hayo, ndege anayeshinda ndani ya nyumba hukosa jua la kuuwezesha mwili wake kutengeneza vitamini D, na bila vitamini hiyo hata kalsiamu anayoila haimfai ipasavyo. Tena kasuku ni hodari wa kuficha ugonjwa, kwani porini ndege anayeonyesha unyonge ndiye anayekamatwa wa kwanza. Atakula mbele yako, ataita, ataparamia tundu lake, mpaka siku nguvu za kuficha zitakapomwishia, na siku hiyo wewe utaiona kuwa ndiyo siku aliyougua. Hukupuuza dalili ulizoziona, mwanangu. Ulilisha kama wengi wanavyolisha, na sasa umefundishwa.

Kwa hiyo ufanye nini usiku huu? Ondoa vijiti vya juu, mwekee kimoja cha chini kabisa, na sakafu ya tundu uitandike taulo, ili degedege likija tena asivunjike mbawa kwa kuanguka. Funika tundu pande tatu kwa kanga au blanketi apate joto na utulivu, na kama usiku una baridi weka kando yake chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa, ukimwachia nafasi ya kusogea mbali nayo akitaka. Degedege likimshika, usimbane wala usimtie kitu mdomoni. Punguza mwanga, tazama saa ujue limechukua muda gani, kisha mpigie daktari hata kama ni alfajiri, kwa sababu degedege lililorudi baada ya sindano ni habari ambayo daktari lazima aipate. Hilo la juzi kama hujamwambia, mwambie leo. Dawa ya kuku iliyobaki usimpe tena, na vidonge vya binadamu usivijaribu kabisa.

Nunua mizani ndogo ya kidijitali, ile ya kupimia unga wa keki, umpime kila asubuhi kabla hajala na uandike katika daftari. Kasuku wa kijivu aliyekomaa kwa kawaida huwa na gramu 400 hadi 500 hivi, lakini kipimo cha kukuongoza ni uzito wake yeye mwenyewe: akipoteza sehemu ya kumi ya uzito huo, usingoje kesho. Mizani itakutuliza pia. Ninajua wauguzaji wanavyokesha wakimtazama mgonjwa usoni na kusoma mauti katika kila pumzi, na namba iliyoandikwa ina ukweli kuliko jicho lililokosa usingizi.

Chakula kibadilishe polepole, kwa sababu ndege aliyezoea karanga kwa zaidi ya miaka 20 anaweza kukaa na njaa kuliko kugusa asichokijua, na mgonjwa hapaswi kukaa na njaa. Changanya kidogo kidogo sukuma wiki iliyokatwakatwa, karoti, boga na papai. Wewe unakaa pwani, basi unaufahamu ule mfupa mweupe mwepesi wa ngisi unaookotwa ufukweni. Uoshe, uchemshe, uanike ukauke vizuri, kisha umfungie tunduni aukwangue, kwani ni kalsiamu karibu tupu. Dawa ya kalsiamu yenyewe mpe kwa kiasi alichoandika daktari na si zaidi, maana ikizidi nayo hudhuru. Akipata nguvu, mtoe kibarazani asubuhi jua likiwa pole, penye upande wa kivuli wa kukimbilia, wala usitosheke na jua la dirishani, kwa sababu kioo huzuia miale anayoihitaji. Parachichi asionje hata kidogo, kwani kwa kasuku ni sumu.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, na katika nyumba za kwetu siwezi kulinyamazia. Mapafu ya ndege huvuta hewa kwa ufanisi kuliko yetu, na kwa hiyo huvuta sumu kwa ufanisi huo huo: moshi wa udi na ubani, dawa ya mbu ya kupuliza, jiko la mkaa, na hasa kikaango cha kisasa kisichogandisha chakula (non-stick) kinapopata moto kupita kiasi, ambacho mvuke wake unaweza kumuua kasuku kwa dakika chache. Jikoni si mahali pa Shani.

Kuhusu mume wako, nadhani analia njaa ya mambo mawili, nawe umesikia moja. Fedha ni jambo la haki, basi kaeni pamoja mkubaliane kiasi ambacho nyumba inaweza kukimudu kwa matibabu haya bila kugusa ada ya watoto, na baada ya kukubaliana usichukue kwa siri hata shilingi moja. La pili ni kwamba ana mke asiyelala wala asiyezungumza. Fungua biashara yako angalau nusu siku. Mgonjwa wako anahitaji giza na ukimya kuliko macho yako.

Mawifi wanaokucheka uwasimulie habari ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule akafa, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomkuta mtoto ana huzuni alimwita kwa upole akimuuliza ndege wake amefanya nini. Hakumwambia kwamba ni ndege tu. Kama hawatasikia hilo, basi usiwaeleze tena, maana hukuwaomba ruhusa ya kumpenda Shani.

Jirani naye umkatalie kwa adabu. Kasuku wa kijivu wamekamatwa misituni kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya wale wa porini, na wengi wa waliokamatwa hufa njiani kabla ya kufika sokoni. Sitaki machozi yako yawe sababu ya mwingine kunaswa kwa ulimbo.

Tena mwingine hatakuwa Shani. Katika barua yako ndefu baba yako umemtaja mara moja tu, na mimi nimerudi kwenye sentensi ile mara nyingi. Nadhani unapomtazama ndege huyu chini ya tundu unamuuguza na baba pia, na unaogopa kumzika mara ya pili. Kama Shani ana neno lolote analolisema kwa sauti ya mzee, mrekodi kwa simu siku atakapochangamka, uhifadhi. Waambie watoto ukweli kwamba anaumwa sana na anatibiwa, wala msiwadanganye. Na ikiwa atakufa licha ya yote haya, mchimbieni uani mkiwa wote, nawe ulie utakavyo.

Lakini kwa usiku wa leo, mwonyeshe mumeo jinsi ya kubadilisha chupa ya maji ya moto, mwachie zamu hadi saa nane, nawe ukalale.