Jibu: Seli za A549 zina NQO1 nyingi hata kabla ya moshi wa sigara

Salamu ndugu. Nimekuelewa: seli zako za A549 ambazo hazijaguswa na moshi zina NQO1 (kimeng'enya cha kujikinga cha seli) nyingi sawa na zile ulizozitia dondoo la moshi, na msimamizi wako anadhani umechanganya sampuli.

Kabla ya kurudia jaribio, angalia seli zenyewe. A549 zilitoka kwenye saratani ya mapafu mwaka 1972, na jeni yao ya KEAP1 ina kasoro. KEAP1 ndiyo protini inayoikamata NRF2, protini inayowasha jeni za kujikinga, ili ivunjwe; ikiharibika, NRF2 inabaki imewaka muda wote na kuisukuma NQO1 juu. Utaonaje ongezeko pale ambapo kiwango kimeshapanda? Inaniuma mwanafunzi akilaumiwa kwa jambo lililomo ndani ya seli.

Mimi nilihamia BEAS-2B, seli za maabara za njia ya hewa zisizotoka kwenye saratani, kisha nikathibitisha kwa seli za njia ya hewa kutoka kwa wachangiaji. Weka sulforafani, kemikali inayoiwasha NRF2, kama kichocheo cha kulinganishia: NQO1 isipopanda hata hapo, ishuku kingamwili unayoipimia NQO1. Pima pia kama seli zina maikoplazma, bakteria wanaochafua seli za maabara. Kiasi cha dondoo la moshi cha kutumia siwezi kukukadiria kwa mbali, maana kila dondoo lina ukali wake. Anza kwa kupima uhai wa seli.

Data za A549 usizitupe, mwonyeshe msimamizi pamoja na hali ya KEAP1.