Uliza Ujibiwe: Fedha za wilaya za Uganda zilizokwisha kupangiwa kazi

Katika kikao cha bajeti niliomba sehemu ya fedha za afya ijenge kivuko cha barabara cha kalavati katika eneo langu. CAO (mtendaji mkuu wa wilaya) akasema fedha hizo "zimefungwa". Kama baraza ndilo linalopitisha bajeti, nani alizifunga kabla yetu?
*Diwani wa kipindi cha kwanza, Koboko*

Zimefungwa na Katiba yenyewe, Mheshimiwa. Kifungu cha 193 kinataja ruzuku tatu kutoka serikali kuu: isiyo na masharti, yenye masharti, na ya kusawazisha kwa ajili ya wilaya zilizobaki nyuma. Hiyo ya pili, zikiwemo fedha zako za afya, ndiyo nene, na hairuhusiwi kutumika ila kwa kazi iliyotolewa kwa ajili yake. Tena imegawanywa ndani kwa ndani: mishahara, matumizi ya kawaida, maendeleo. Shilingi ya mshahara wa nesi haigeuki saruji, hata nesi huyo akiwa hajaajiriwa.

Baraza zima likinyoosha mikono kuzihamisha, mambo hayabadiliki. Kifungu cha 164 kinamtaka yeyote mwenye wadhifa wa kisiasa au wa umma, aliyeagiza au kuafiki fedha za umma zitumike kinyume cha maagizo, aifidie hasara hiyo hata kama ameshaondoka madarakani. Madiwani wengi hudhani mzigo huo ni wa CAO peke yake. Kuafiki ni pamoja na kura yako iliyoandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Ombi lako halina ubaya, ila lilifika limechelewa. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini waraka wa kwanza wa bajeti kutoka Wizara ya Fedha hufika Septemba ukiwa na viwango vya awali vya kila wilaya. Mkutano wa bajeti wa wilaya hufanyika Oktoba au Novemba, kisha hutumwa andiko la mfumo wa bajeti (muhtasari wa mapato na matumizi yanayopendekezwa). Rasimu huwekwa mezani mwezi Machi na kupitishwa kabla ya Mei kwisha. Diwani anayeamka Mei hukuta chungu kimeshaepuliwa. Katika mwaka wa uchaguzi ni vibaya zaidi, maana baraza jipya huapishwa Mei hiyo hiyo na kurithi rasimu ya waliotoka.

Kivuko chako kinaweza kuingia kwa milango mitatu: fedha za matengenezo ya barabara, ruzuku ya maendeleo ya hiari (ile mnayoiita DDEG), au mapato ya ndani. Kwanza hakikisha kimo katika mpango wa maendeleo wa miaka mitano wa gombolola (ngazi ya utawala chini ya wilaya) na wa wilaya. Kisipokuwemo, maofisa wa mipango wana haki ya kukiruka. Pili, mwombe mhandisi wa wilaya apime. "Kivuko chetu kimekufa" ni maneno ambayo kamati huyasikia kutoka kila kona. Lakini karatasi inayosema mistari miwili ya kalavati za kipenyo cha sentimita 90, vipande saba vya mita moja kila mstari, jumla 14, pamoja na kuta za mawe pande zote mbili, changarawe ya kufunikia na gharama ya kila kimoja, hiyo haipiti bila kujadiliwa. Kuta hizo za pembeni ndizo watu huzisahau kwenye makadirio. Mvua ya kwanza hupita nje ya kalavati, hula udongo, na mwakani mnaomba tena.

Bajeti yetu inaonyesha mapato ya ndani ya milioni 600. Asilimia 20 ni milioni 120, lakini ofisa wa fedha ametuwekea milioni 80 tu za posho za madiwani. Tumeibiwa?
*Mjumbe wa kamati ya fedha, Arua*

Hamjaibiwa. Posho hii ina kikomo katika Sheria ya Serikali za Mitaa: malipo ya madiwani yasizidi asilimia 20 ya mapato ya ndani yaliyokusanywa mwaka uliopita. Milioni 600 ni matumaini ya mwaka ujao. Kama mwaka jana mlikusanya milioni 400, basi milioni 80 ndiyo hesabu yenyewe.

Sasa zigaweni mzione zilivyo. Sheria inataka baraza likae angalau mara moja kila miezi miwili, yaani vikao sita kwa mwaka. Mkiwa madiwani 30, na kila kikao cha baraza kikitanguliwa na kimoja cha kamati, mna mahudhurio 360. Milioni 80 kugawa kwa 360 ni shilingi 222,222, na humo mna usafiri na chakula. Kila kamati ya dharura mnayoiunda inakatwa humo humo.

Panapoharibika ni hapa. Mwaka huanza kwa makadirio yaliyotiwa chumvi, na vikao vya robo ya kwanza hulipwa kwa ukarimu. Kufika Machi, soko na leseni havijaleta kilichotarajiwa. Aprili mtu anashauri "tukope kidogo" kutoka fungu lenye masharti, turudishe baadaye. Hairudi. Mwaka unafungwa Juni 30, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu anaandika hoja, na Kamati ya Hesabu za Umma ya wilaya inawaita. Mkitaka posho iongezeke, ongezeni makusanyo mwaka huu ili kikomo cha mwaka ujao kipande. Anzeni na daftari la walipaji wa kodi ya huduma za mitaa na leseni za biashara: linganisheni majina yaliyomo na maduka yaliyo barabarani. Sisi tungeanzia hapo kabla ya kubishana na ofisa wa fedha.

Gombolola inakusanya ushuru sokoni kwetu kila wiki. Kijiji kinastahili kiasi gani?
*Mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), Yumbe*

Chukua shilingi 100,000. Kwa maeneo ya vijijini, 35,000 huenda wilayani na 65,000 hubaki gombolola. Katika hizo 65,000, vijiji hupata asilimia 25, yaani 16,250. Muluka (ngazi kati ya kijiji na gombolola) asilimia 5, yaani 3,250. Saza (ngazi kati ya gombolola na wilaya) kiasi hicho hicho. Gombolola hubaki na 42,250. Fungu hilo la vijiji ni la vijiji vyote vya gombolola, si cha soko peke yake. Omba taarifa ya makusanyo kwa maandishi kila robo mwaka. Mijini hesabu ni nyingine: divisheni (gombolola ya mjini) hubaki na nusu.

Shule yetu ina walimu wachache, na bado tunasikia wilaya ilirudisha fedha za mishahara Hazina. Inawezekanaje?
*Mzazi, Gulu*

Inawezekana, na ni jambo linaloudhi kuliko yote katika ukurasa huu. Fedha za mishahara hutengwa kwa nafasi zilizo wazi, lakini nafasi haijazi yenyewe. Wilaya hupeleka mpango wa ajira, hupata kibali cha Wizara ya Utumishi wa Umma, kisha Tume ya Utumishi ya Wilaya hutangaza, huchuja na kusaili. Baada ya hapo mwalimu lazima aingizwe kwenye mfumo wa malipo. Hatua moja ikilala miezi mitatu, mwaka umeisha, na salio hurudi.

Mara nyingi kinacholala ni tume yenyewe: muda wa wajumbe umekwisha, au hawatimii akidi, au hawana fedha za kuendesha usaili. Wajumbe hao huteuliwa na baraza la wilaya kwa mapendekezo ya kamati tendaji, na kuidhinishwa na Tume ya Utumishi wa Umma ya taifa. Kwa hiyo muulize diwani wako maswali mawili: tume yetu ina wajumbe wangapi leo, na muda wao unakwisha lini? Yaulizwe Julai. Yakiulizwa Aprili, jibu halitamsaidia mtoto wako mwaka huo.

Gombolola yetu ni mpya. Tumepewa majukumu yote ya gombolola ya zamani, fedha hazijaja. Wilaya inasema tuvumilie.
*Karani wa gombolola, mkoa wa Nile Magharibi*

Wilaya haina pa kuzitoa, kwa sababu sheria inaitaka bajeti yake iwe na uwiano: matumizi yasizidi mapato. Kinachoweza kufanyika ni kupandisha suala juu. Masharti ya ruzuku hujadiliwa kati ya wizara na serikali za mitaa, Tume ya Fedha ya Serikali za Mitaa ikiwa msimamizi na Chama cha Serikali za Mitaa Uganda kikiwasemea wanachama wake. Andaeni kurasa mbili: orodha ya watumishi mnaotakiwa kuwa nao na mlio nao, gharama ya kila nafasi iliyo wazi, vituo vya afya na shule mlizokabidhiwa, na kiasi mlichopokea robo iliyopita. Mpeni CAO nakala moja, Mwenyekiti wa LC5 (baraza la wilaya) nyingine, kabla ya mkutano wa bajeti wa wilaya, ili takwimu zenu ziwemo ndani ya andiko la mfumo wa bajeti la Novemba.