Si Kila Maumivu ya Chembe ya Moyo ni Vidonda vya Tumbo

Hapa Mbeya ukitamka tu kwamba chembe ya moyo inauma, kila mtu ameshakupimia: vidonda vya tumbo. Duka la dawa watakupa omeprazo, na pale Mwanjelwa hukosi wa kukuuzia unga wa mizizi. Mimi nilivitumia vyote, kumbe yalikuwa mawe kwenye kifuko cha nyongo.

Maumivu yake yana tabia. Yangu yalinijia usiku, hasa nikishakula kitimoto au chipsi. Yalikaza chini ya mbavu za kulia, yakapanda mgongoni hadi bega la kulia, yakakaa saa kadhaa ndipo yakaachia. Nyongo hutengenezwa na ini, ikatunzwa kwenye kifuko. Mafuta yakifika utumbo mwembamba, kifuko hujikamua. Jiwe likiwa limeziba njia, hapo ndipo unapogaragara.

Dalili zako zikifanana na hizo, muulize daktari kuhusu ultrasaundi. Kwa kawaida usile kwa saa 6 hadi 8 kabla ya kipimo, maana ukila kifuko kinasinyaa na mawe hayaonekani vizuri. Mnaotoka Tukuyu au Chunya alfajiri, ile chai ya maziwa ya stendi iacheni, mtaambiwa mrudi kesho.

Mawe yaliyoonekana kwa bahati tu na hayaumi, mara nyingi huachwa. Yanayosumbua, kifuko hutolewa chote, siku hizi hata kwa matundu madogo. Nyongo huendelea kushuka moja kwa moja kutoka kwenye ini. Mimi nimetolewa, na parachichi la Rungwe bado nalila.

Na ile ya kunywa mafuta ya zeituni na limao ili mawe yatoke chooni? Yale madonge ya kijani ni sabuni inayojitengeneza tumboni kutokana na mafuta hayohayo. Shoga yangu alinitumia picha nikiwa bado na mshono, kucheka kuliniuma.

Walio na watoto wenye sikoseli wawe macho pia, kwani hao hupata mawe wakiwa bado wadogo, hata kama hawajaonja kitimoto.

Lakini macho yakiwa ya njano, mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikapauka, au homa ikaja na kutetemeka, huenda jiwe limeziba mrija wa nyongo. Usimeze dawa ya malaria ukasubiri kukuche. Nenda hospitali usiku huohuo.