Kutibiwa kwa Dawa ya Mshipa Bila Kulazwa

Maambukizi ya ngozi yaliponivimbisha mguu, daktari wa kliniki ya huduma za haraka aliamua nipewe antibayotiki kwa njia ya mshipa, lakini nisilazwe. Ningefika kila siku kwa saa ile ile, niwekewe dawa, kisha nirudi nyumbani. Utaratibu huo unawezekana kwa sababu dawa kama seftriaksoni hukaa mwilini muda wa kutosha kutolewa mara moja tu kwa siku. Wengi hudhani kwamba asiyelazwa hana ugonjwa mzito. La hasha, tofauti ni kwamba, kati ya dozi na dozi, kazi ya kuangalia dalili inakuwa yako.

Kabla ya dozi ya kwanza, mweleze muuguzi mzio wowote uliowahi kuupata, hasa wa penisilini, pamoja na dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba. Omba kanula, yaani mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani, iwekwe kwenye mkono usioutumia sana, mbali na kiwiko ikiwezekana. Dawa ikianza kuingia, kuhisi ubaridi mkononi ni kawaida, lakini maumivu makali, mwili kuwasha, midomo kuvimba au kifua kubana ni mambo ya kusemwa papo hapo, hata kama chumba kimejaa wagonjwa nawe unaona haya kumsumbua muuguzi.

Ukiruhusiwa kurudi na kanula, usiiloweshe, na mahali ilipo pakiuma, pakivimba au pakitoa majimaji, rudi mapema bila kungoja miadi. Uliza pia ni nani wa kupigiwa simu usiku.

Kilichonisaidia zaidi ni mstari wa kalamu ambao muuguzi aliuchora kuzunguka sehemu iliyoathirika, kwani uliniwezesha kuona kama uvimbe unasambaa au unanywea. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huenda usionekane vizuri, kwa hiyo papasa joto na ugumu wa ngozi badala ya kutegemea macho pekee. Uvimbe ukiuvuka mstari kwa kasi, au wewe mwenyewe ukitetemeka kwa homa, ukaishiwa nguvu au ukaanza kuchanganyikiwa, nenda hospitali yenye idara ya dharura mara moja.

Homa ikishuka na uvimbe ukipungua, muulize daktari kama unaweza kuhamia vidonge, maana kanula isiyohitajika ni mlango wa vijidudu. Akikubali, hakikisha imetolewa kabla hujaondoka.